Boti ya matanga ya plaiwudi mita 6 kwa bahari kuu, milimita 12 inatosha?

mkuku_mrefu
Wakuu habari, nachora boti ndogo ya matanga ya plaiwudi, urefu mita 6, ya watu wawili kukaa baharini hata mwezi mzima bila kuona nchi kavu. Ubavu nimeuchora wa duara maana linapendeza, uzito wote na mizigo nimekadiria kilo 900. Plaiwudi ya milimita 12 itatosha? Na mita 6 si ndogo mno jamani?

bisho
Udogo siyo shida mkuu, Kenichi Horie mwaka 1962 alivuka Pasifiki peke yake toka Japani hadi San Francisco na boti ya plaiwudi ya futi 19. Kinachonitisha mimi ni hizo kilo 900. Hebu piga hesabu, watu wawili, kila mmoja lita 3 za maji kwa siku, siku 30, hapo tayari kilo 180 za maji tu, weka chakula, nyie wenyewe, nanga na mnyororo, betri, matanga ya akiba, unagonga kilo 500 na boti yenyewe hujaigusa, wala farumi, yaani ule uzito wa chini wa kuizuia boti isipinduke. Mi naona 1,500 au zaidi. Boti ya saizi hiyo ukiipakia kilo 70 na kitu inazama sentimita moja, sasa 600 zilizozidi ni kama sentimita 8, bahari ikichafuka utazikumbuka. Andika mzigo kwanza afu ndo uchore umbo la kuubeba.

fundi_gundi
Na hilo duara lisahau. Plaiwudi inakunjika upande mmoja tu, ukishaikunja huku haikubali tena kule, itapasuka au itakushinda nguvu. Chora kona mbili kila ubavu, afu tengeneza modeli ya karatasi ngumu, sentimita 60, karatasi ikigoma ujue plaiwudi nayo itagoma. Milimita 12 kwa chini sawa kama viambaza (kuta za ndani za kukata boti) na mataruma (mbavu zake) yako karibu karibu, ubavuni 9, kule omo, yaani mbele, kwenye mkunjo mkali weka mbili za 6 moja juu ya nyingine kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya isiyopitisha maji. Kingo zote na kila tundu la skrubu zinyweshe epoksi, maji ya mvua yanaozesha kuliko ya chumvi.

mkuku_mrefu
Duh, asanteni. Na farumi kiasi gani?

bisho
Asilimia 35 mpaka 40 ya uzito wote, chini kabisa kwenye mkuku (uti wa chini wa boti), hesabu zionyeshe ikilala hata nyuzi 120 bado inarudi. Na pale nyuma mnapokaa pafanye padogo pajimwage penyewe haraka, maana mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ni zaidi ya tani, yaani wimbi moja linakuongezea mzigo unaokaribia boti nzima.

fundi_gundi
Kwa farumi hiyo ningeenda mita 6.5 kabisa, karatasi mbili tatu zaidi za plaiwudi basi.