Uzamili wa historia: Makerere au Mlimani?

Mwanagenzi: Ndugu wanajukwaa, nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya historia Makerere na Dar es Salaam, na natakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Naomba mnilinganishie vyuo hivi, hasa kwa watu waliotoka huko.

Kitabu Wazi: Mleta mada, hujasema tasnifu yako inahusu nini wala ada inalipwa na nani. Tukushaurije?

Mzee wa Lumumba: Mimi nasema Mlimani, yaani Dar es Salaam. Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake, kikahamia kilimani mwaka 1964. Mwanahistoria Walter Rodney alifundisha pale. Noti ya shilingi 500, kama bado unayo maana siku hizi tumebaki na sarafu, ina picha ya Ukumbi wa Nkrumah wa chuo hicho.

Jirani wa Wandegeya: Makerere ilianza mwaka 1922 kwa wanafunzi 14 wa useremala, ujenzi na umakanika. Mwalimu Nyerere alisoma pale, kisha Kibaki na Mkapa. Marais wenu tumewasomesha sisi.

Mzee wa Lumumba: Na wa kwenu, Museveni, alihitimu Dar es Salaam mwaka 1970. Isitoshe, Mwalimu aliondoka Makerere na sifa ya ualimu tu. Shahada aliipata Edinburgh mwaka 1952.

Mtafiti Mchovu: Orodha za vigogo hazitakusaidia. Katika chuo ambacho sitakitaja, msimamizi wangu aliteuliwa kushika wadhifa mwingine, nami nikakaa miezi kumi na mmoja bila mtu wa kusoma sura yangu ya pili. Hatimaye rasimu ilirudi ikiwa na doa la chai kwenye jalada na alama moja tu ya kalamu nyekundu, iliyosahihisha jina langu ambalo halikuwa na kosa. Uliza nani yupo leo, na anasimamia wanafunzi wangapi.

Mwanagenzi: Samahani kwa kuchelewa. Ada najilipia. Mada yangu ni maandamano ya Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam walipopinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na karibu 400 wakafukuzwa.

Mzee wa Lumumba: Basi ni Dar es Salaam. Walifukuzwa kwa haki. Mwalimu alipunguza hata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Jirani wa Wandegeya: Haki gani, ikiwa walitakiwa kufanya kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara? Kwa mada hiyo ndiyo kwanza aje Makerere, aitazame nyumba akiwa nje.

Kitabu Wazi: Wengi walirudishwa chuoni mwaka uliofuata, kwa hiyo hata serikali ililegeza msimamo.

Mzee wa Lumumba: Kusamehe si kulegeza.

Mtafiti Mchovu: Mwanagenzi, waache hawa wazee wabishane. Waandamanaji wale sasa wanakaribia miaka themanini au wameshaivuka. Anza kuwahoji kabla hujajibu barua yoyote.