Desktopu ya nyumbani imechoka na bajeti ni elfu thelathini, ninunue nini?

Mama_Langoni (Lamu)

Asalaam aleikum wenzangu, naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Nyumbani tuna desktopu Dell OptiPlex 3020, i3, RAM 4GB na hadidiski ile ya zamani ya kuzunguka, tumekaa nayo tangu kifunguamimba wangu yuko chekechea na sasa yuko sekondari. Ukiiwasha asubuhi waweza kukosha vyombo vyote urudi bado inazungusha kile kiduara. Na sasa kila siku yaleta ujumbe ati Windows 10 muda wake umeisha na mashine hii haiwezi kuingia Windows 11.

Kazi zetu si kubwa. Mie naandika risiti na bukingi za nyumba ya wageni ninayoisimamia, naingia eCitizen na iTax kwa mambo ya serikali na kodi, watoto wanafanya kazi za shule na kuangalia masomo YouTube, hakuna gemu. Bajeti ni 30,000, nikijikamua sana 35,000. Nimeona laptopu mpya kabisa ndani ya boksi lake, Celeron, RAM 4GB, memori ya kuweka faili 64GB, bei inaingia kwenye bajeti. Halafu kuna muuzaji Mombasa ana za ex-UK zilizotumika lakini mume wangu hataki kusikia mtumba, asema kununua kompyuta ya mtumba ni kununua ugonjwa wa mtu. Ama nimwite fundi aitengeneze hii hii? Nipeni ukweli, pesa zenyewe ni za msimu na msimu haukuwa mzuri.

fundi_maweni (Malindi)

Waaleikum salaam dadangu. La kwanza, hiyo Celeron usinunue, nakuomba. Najua yavutia kwa sababu ni mpya na ina waranti, lakini RAM 4GB na memori 64GB ni kile kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft wenyewe wamekiweka kwa Windows 11, yaani unaanzia ukingoni. Windows na apdeti zake zikishakaa humo, nafasi ya faili zako inabaki finyu sana, na laptopu nyingi za aina hiyo memori na RAM zimechomelewa kwenye bodi kwa hivo huwezi kuongeza wala kubadilisha. Nazipokea hapa mezani kila mara, mwenyewe amenunua juzijuzi na mashine inalemewa na apdeti moja tu, na mimi sina la kumfanyia zaidi ya kufuta futa.

Sasa hiyo ya mtumba, mwambie shemeji hivi. Hizi ex-UK nyingi ni mashine za maofisini, kampuni huko Uingereza inabadilisha zote kwa mpigo baada ya miaka michache hata kama bado nzima. Zilitengenezwa zifunguliwe na fundi, zina nafasi ya kuongeza RAM, SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka, inatoka kwa skrubu, na spea zake ziko hadi hapa pwani. Tafuta HP EliteBook 840 G5 ama Lenovo ThinkPad T480, RAM 8GB na SSD ya 256GB, kwa bajeti yako ukitafuta kwa subira utapata.

Lakini kuna jambo moja ambalo wauzaji wanalifunika na ndilo la muhimu kuliko yote, jenereshoni, yaani kizazi, cha prosesa ambayo ndiyo ubongo wa mashine. Mtu atakuandikia tu "Core i5" kwa herufi kubwa na kunyamaza. Wewe muulize namba kamili. Ikiwa ni i5-8250U au i5-8350U hiyo 8 inayokuja baada ya kistari ndiyo jenereshoni ya nane, ikiwa ni i5-6300U ni ya sita. Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali kuanzia ya nane, basi, kwa hivo ukichukua ya sita au ya saba utakuwa umenunua tatizo lile lile ulilonalo sasa, tofauti ni kwamba limekuja na kibodi safi.

mwalimu_mkomani (Lamu)

Naunga mkono fundi. Mie naongezea mambo ya huku kwetu kisiwani, manake watu wa bara hawayajui. Desktopu stima ikipotea imezima na kazi yako imekwenda nayo, na ikirudi inarudi kwa kishindo, power saplai nyingi za hapa zinakufa hivo. Kwa hivo kama ni kati ya laptopu na desktopu mie nasema laptopu. Hiyo T480 aliyotaja fundi ina betri mbili, moja ndani na nyengine nje unaichomoa kwa mkono, ukichoka na ile ya nje wabadilisha mwenyewe bila hata kufungua kifuniko.

Jambo la pili ni chumvi. Kusi likivuma sana hewa yote ni chumvi, na kompyuta inayokaa dirishani upande wa bahari utaiona skrubu zimeanza kutu, halafu milango ya USB, halafu inaanza kujizima yenyewe. Iweke chumba cha ndani, ukimaliza ifunge uitie kwenye mfuko au kabati pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Na itumie mara kwa mara, ule ujoto wake unaikausha. Ikilala miezi bila kuwashwa ndipo inapoliwa.

Na hiyo OptiPlex usiitupe wala usimpe mtu wa vyuma chakavu! Ikitolewa ile hadidiski ikatiwa SSD ndogo ya SATA na RAM nyengine ya DDR3 iwe 8GB, halafu ikapigwa Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows na ambao ni wa bure, itawaka kwa muda mfupi sana na watoto watafanyia kazi za shule miaka kadhaa. LibreOffice yafungua faili za Word vizuri, YouTube yafanya kazi. Tuna mashine za umri huo chuoni na watoto wanazitumia.

kijana_wa_barani (Malindi)

Mimi kidogo natofautiana na maalim. Watoto na laptopu ni vita, inaanguka kitandani, soda inamwagika kwenye kibodi, skrini ikivunjika ni pesa nyingi. Ushaijua OptiPlex, na skrini unayo, kibodi unayo, mausi unayo. Chukua kale kaboksi kadogo, OptiPlex 3060 Micro ama HP EliteDesk 800 G4 Mini, jenereshoni ya nane vilevile, kanatumia chaja kama ya laptopu na kanakula stima kidogo, na pesa inayobaki unaweka UPS, ile betri ya kuishikilia mashine stima ikipotea. Kiharibikacho unabadilisha hicho tu. Ila angalia skrini yako ina tundu gani nyuma, hivi viboksi vinatoa DisplayPort, na kama skrini ni ya zamani yenye VGA peke yake utahitaji adapta.

Mama_Langoni (Lamu)

Allah awabariki, nimemsomea mume wangu yote na hapo kwa jenereshoni akanyamaza akaanza kuuliza maswali yeye, kwa hivo mtumba umepita. Na wazo la kuwaachia watoto hii ya zamani na Linux limenipendeza sana.

Naelekea laptopu, manake bukingi zangu nyengine nazifanyia kule kule nyumba ya wageni. Lakini sasa yule wa Mombasa ameniletea mbili za bei moja. Moja ni EliteBook i7-6600U RAM 16GB, nyengine ni 840 G5 i5-8350U RAM 8GB. Yeye anasukuma ile i7, asema i7 ni kubwa kuliko i5 na RAM ni mara mbili. Na pia nitajuaje kama haijachoka, mie siko Mombasa, kuna ndugu yangu ndiye atakwenda kuiangalia kisha aitie kwenye basi hadi gatini Mokowe.

fundi_maweni (Malindi)

Chukua i5, tena usibabaike. Hiyo i7-6600U ni ya jenereshoni ya sita na ndani ina koa mbili tu, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi, i5-8350U ina koa nne. Kwa hivo ile "ndogo" ndiyo yenye nguvu, na ndiyo inayoingia Windows 11. RAM 16GB yapendeza lakini 840 G5 ina nafasi mbili za RAM, utaongeza siku ukipata.

Ndugu yako akifika dukani aiwashe mwenyewe, abonyeze F10 inapowaka, ikidai paswodi ya BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine, aiache hapo hapo, hiyo bado ina kufuli ya ofisi ilikotoka. Kisha aingie Settings, System, About, asome namba ya prosesa kwa macho yake, na sehemu ya Activation aone Windows imekubaliwa. Betri aipime kwa kuandika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, inatoa ripoti yenye Design Capacity (chaji iliyobeba ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (inayobeba sasa), hiyo ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza aombe betri nyengine ama apunguziwe bei. Ajaribu kibodi herufi moja moja, kamera, spika, wifi, na achomeke flashi kila tundu la USB. Pesa ya M-Pesa itoke baada ya hayo yote, na waranti ya duka iandikwe kwenye risiti pamoja na serial namba ya mashine.

Mpaka ifike, hiyo ya zamani iingize kwenye apdeti za ziada za Windows 10. Kawaida ziliisha 14 Oktoba 2025 lakini Microsoft wamewaongezea watu wa majumbani hadi 13 Oktoba 2026, na hulipi kitu ukiingia na akaunti ya Microsoft na kuwasha Windows Backup. Nenda Settings, kwenye Windows Update, utaona sehemu ya kujiandikisha. Na risiti zako zote zinakili kwenye flashi leo, usingoje laptopu ifike, hiyo hadidiski kwa umri wake yaweza kuzima wakati wowote.

mwalimu_mkomani (Lamu)

Na kwenye basi isiwekwe buti la chini, apewe kondakta akae nayo mbele, iwe imefungwa kwa nailoni kwanza ndio iingie boksi. Hapo Mokowe kwenye boti maji huruka. Ikishafika niandikie hapa, hiyo ya watoto ntakuja kuipiga Mint mwenyewe, we tafuta SSD tu.