Alzheimer: tuendelee kuiandama amiloidi au tuhamie kwenye mchochota wa ubongo?

Mkesha: Wakuu, nafuatilia kazi za Beth Stevens, mwanasayansi wa ubongo wa Boston, kuhusu Alzheimer, ugonjwa unaomaliza kumbukumbu. Mwaka 2016 yeye na wenzake walionyesha kwa panya kwamba maikroglia, seli za ulinzi za ubongo, huanza kuzila sinapsi, yaani viungio vya neva na neva, mapema, kabla mabonge ya amiloidi, protini inayoganda kwenye ubongo wa wagonjwa, hayajajazana. Walipoizuia C1q, protini inayozitia sinapsi alama ya kuliwa, upotevu ulipungua. Kwa miaka 30 na zaidi amiloidi ndiyo imebeba fungu kubwa la fedha za utafiti. Wakati wa kuzigawa upya haujafika?

Jabali: Panya tena! Panya wameshaponywa mara ngapi, binadamu wakabaki palepale? Halafu tuambiane ukweli, mengi ya haya ni uzee tu. Mtu akifika 80 lazima asahau.

Binti Mkubwa: Jabali, hilo neno "uzee tu" ndilo lililotupotezea miaka miwili. Mama alianza akiwa na 58, na hospitali tuliambiwa hivyohivyo. Alikuwa mshonaji. Siku moja nilimkuta na uzi mkono mmoja, sindano mkono mwingine, anavitazama, akaniuliza hivi vinaendaje. Mikono ileile iliyonishonea sare za shule.

Jabali: Pole dada. Sikumsema mama yako, nimesema wazee kwa ujumla.

Binti Mkubwa: Hao wazee kwa ujumla ndio mama za watu.

Wino: Auguste Deter, ambaye Alois Alzheimer alieleza ugonjwa wake mwaka 1906, alilazwa akiwa na miaka 51. Mtu wa miaka 51 si mzee.

Tiba Kwanza: Kama shida ni huo mchochota, yaani uvimbe, dawa za uvimbe si zipo? Nilisoma mahali kwamba wagonjwa wa baridi yabisi wanaozimeza miaka mingi hawaugui sana Alzheimer.

Chipukizi: Samahani wakubwa, uvimbe wa ubongo si unapasuliwa?

Wino: Siyo uvimbe huo, mdogo wangu. Hapa hakuna donge la kukata. Ni seli za ulinzi zilizochokozwa zikashindwa kutulia, zinamwaga kemikali hadi zinaumiza neva zilizopaswa kuzilinda. Ndiyo maana nashikilia neno mchochota.

Tiba Kwanza, ulichosoma kipo, ila kilitokana na kulinganisha watu waliokuwa wakizitumia tayari. Naproksen na selekoksib, dawa mbili za aina hiyo, zilipojaribiwa kwa wazee wenye ndugu waliougua, jaribio la ADAPT, dawa zilisitishwa Desemba 2004 kwa hofu ya kudhuru moyo, na kinga haikuonekana. Tafadhali mtu asimpe mzazi wake vidonge hivyo kila siku kwa sababu ya uzi huu.

Tiba Kwanza: Basi mchochota nao umefeli.

Mkesha: Hapana! Dawa zile hazikulenga C1q. Na mwaka 2013 ilibainika kwamba baadhi ya mabadiliko ya jeni ya TREM2, inayofanya kazi ndani ya maikroglia, huongeza hatari ya ugonjwa huu kwa binadamu. Hapo panya hayumo.

Jabali: Na amiloidi msiizike. Lecanemab, dawa ya kuiondoa amiloidi iliyoidhinishwa Marekani 2023, ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa 27% katika miezi 18.

Binti Mkubwa: Kasi, Jabali. Haikurudisha kilichopotea. Tena kuna waliovimba ubongo na kuvuja damu. Na ni ya walio mwanzoni, sasa mama angeipataje wakati mwanzo wake wote tuliambiwa ni uzee?

Mkesha: Jamani, mada ilikuwa mgawanyo wa fedha.

Jabali: Ngoja kwanza, mkuu. Dada, nikuulize kwa heshima. Baba yangu ana 67. Wiki hii amenipigia mara tatu kuuliza jambo lilelile, na kila mara anaanza kwa salamu kana kwamba hatujaongea. Kwa mama uliona nini kwanza?

Binti Mkubwa: Hivyohivyo, kaka. Kurudia. Halafu akaanza kukwepa kazi alizozipenda, akisema amechoka. Andika tarehe na kilichotokea, uende nayo kwa daktari.

Wino: Na muombe apimwe tezi ya shingo na vitamini B12, aulizwe pia kuhusu sonona. Hayo nayo huvuruga kumbukumbu, na yana matibabu.

Jabali: Nampeleka Jumatatu.