Makocha wa michezo shuleni: mafunzo yapi ya usalama yawe ya lazima?

Mratibu wa Michezo:

Ndugu zangu, poleni na majukumu. Mkuu wa shule amenikabidhi kazi ya kuandaa rasimu ya kanuni itakayomtaka kila kocha awe amepata mafunzo ya usalama kabla hajaruhusiwa kusimamia mazoezi au mechi za wanafunzi. Makocha wetu ni wa namna tatu: walimu wa michezo walioajiriwa, makocha wa nje wanaochukuliwa kwa msimu, na wazazi au wahitimu wanaojitolea. Hadi sasa tumekuwa tukidai cheti cha huduma ya kwanza pekee, na wengi wamekipata kwa kusoma kurasa chache mtandaoni na kujibu maswali ya kuchagua, jambo ambalo halinipi utulivu wowote. Naomba ushauri wenu: ni mada zipi zisiachwe kabisa, mafunzo yarudiwe baada ya muda gani, na je, ni haki kumdai mzazi anayejitolea mara moja moja kile kile tunachomdai mwalimu anayelipwa? Ninachokihofia ni kuandika orodha ndefu itakayowakimbiza wanaojitolea, kisha wanaobaki waitimize kwenye karatasi tu.

Muuguzi wa Shule:

Mwalimu, hofu yako ina msingi. Ningekushauri uanze kwa kujiuliza ni matukio gani ya uwanjani ambayo hayawezi kusubiri gari la wagonjwa, yaani yale ambayo uhai wa mtoto unategemea mtu aliyesimama pale pale. Ukipima hivyo, orodha inafupika sana.

La kwanza ni moyo kusimama ghafla. Mchezaji anaanguka bila kuguswa na mtu, kama alivyoanguka mwanasoka wa Denmark Christian Eriksen mjini Copenhagen tarehe 12 Juni 2021 katika mechi ya Denmark na Finland, au anaanguka baada ya kupigwa kifuani na mpira mgumu. Makosa hufanyika katika sekunde za mwanzo, kwa sababu mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kutupatupa mikono na miguu kwa muda mfupi, au kuvuta pumzi chache za kukoroma zilizoachana sana, na kocha asiyefunzwa akadhani ni kifafa au akaamini kwamba mtoto bado anapumua. Kocha afundishwe kwamba mchezaji aliyeanguka, asiyeitika na asiyepumua kama kawaida, ahesabiwe kuwa moyo wake umesimama. Hapo kifua kikandamizwe mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha takriban sentimita 5, huku mtu mwingine akipiga simu na wa tatu akikimbilia mashine ya kushtua moyo ikiwa shule inayo. Kila dakika inayopita bila hatua hizo hupunguza uwezekano wa kunusurika kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Kina hicho hakijulikani kwa kusoma. Ni lazima kocha aweke mikono kwenye sanamu ya mafunzo na kuchoka. Vyeti vingi vya aina hii hudumu miaka 2, lakini ustadi wenyewe huanza kufifia baada ya miezi michache, kwa hiyo ningeandika cheti kila baada ya miaka 2 na zoezi fupi la vitendo mwanzoni mwa kila msimu.

La pili ni kiharusi cha joto. Joto la ndani ya mwili linapita nyuzi 40 za Selsiasi na mchezaji anaanza kuchanganyikiwa, kupepesuka au kuwa mkali bila sababu. Wapo wanaofundisha kwamba ngozi lazima iwe kavu. Kwa mtu anayefanya mazoezi hilo linapotosha, kwani mara nyingi bado anatoka jasho. Anayehitaji kupozwa apozwe kwanza pale uwanjani, kwa kuzamishwa katika maji baridi au kumwagiwa maji baridi mfululizo, ndipo asafirishwe. Kocha anayemkimbiza hospitalini kabla ya kumpoza anapoteza muda ambao viungo vya ndani vinaendelea kuharibika. Kinga pia ifundishwe: mazoezi makali yaongezwe polepole katika siku 10 hadi 14 za mwanzo wa msimu wa joto, na kamwe maji ya kunywa yasizuiwe kama adhabu.

Pumu, mzio mkali, kifafa na selimundu vinahitaji maelezo mafupi tu. Kubwa ni kocha kujua nani kikosini ana tatizo gani na dawa yake imewekwa wapi.

Kocha Mkongwe:

Nakubaliana na dada yetu muuguzi katika mengi, ila naomba tusisahau kwamba kocha aliyefunzwa vizuri bado anaweza kushindwa kwa sababu ya shule yenyewe. Nimeona mahali ambapo mashine ya kushtua moyo inafungiwa ofisini, na mwenye ufunguo huondoka saa za masomo zinapokwisha, wakati mazoezi ndiyo kwanza yanaanza. Kwa hiyo mafunzo yafanyike katika uwanja mnaoutumia, kwa kufuata mpango wa dharura ulioandikwa: nani anapiga simu, nani anafungua geti, nani anawaondoa watoto wengine, na mahali pa kwenda kuchukua vifaa. Mpango huo ujaribiwe kwa vitendo.

Kuhusu wanaojitolea, mimi nisingewapunguzia mada bali ningewapunguzia wajibu. Ambaye hajamaliza mafunzo aruhusiwe kusaidia, lakini asiachwe peke yake na wanafunzi hata kwa nusu saa. Wengi wataona afadhali wasome kuliko kuwa wabeba mipira msimu mzima.

Ongezeni pia ukaguzi wa uwanja, ambao hauchukui hata dakika 10 kuufundisha. Magoli ya kuhamishika yafungwe chini kwa vigingi au uzito, kwa kuwa watoto wamewahi kufa kwa kuangukiwa nayo walipokuwa wakining'inia. Radi ikisikika, mchezo usimame na watu waingie ndani ya jengo, na wasirudi kabla ya dakika 30 kupita tangu radi ya mwisho.

Mjumbe wa Bodi:

Mada mbili hazijaguswa, nazo zinahusu mamlaka zaidi kuliko ustadi. Jeraha la kichwa ndilo linalomjaribu kocha, kwa sababu mtoto mwenyewe husema yuko sawa, wazazi wanapiga kelele pembeni, na mechi bado haijaamuliwa. Jimbo la Washington nchini Marekani lilipitisha sheria ya mfano mwaka 2009, inayoitwa kwa jina la Zackery Lystedt, kijana aliyeumia vibaya ubongo baada ya kurudishwa mchezoni. Kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria za namna hiyo. Kiini chake kinafaa kunakiliwa: anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo atolewe mara moja, na asirudi mpaka mtaalamu wa afya amruhusu kwa maandishi. Kanuni yenu iseme wazi kwamba kocha ana uwezo wa kumtoa mchezaji lakini hana uwezo wa kumrudisha.

Mada ya pili ni ulinzi wa mtoto dhidi ya unyanyasaji. Hapa simfuati Kocha Mkongwe: yeyote ambaye hajamaliza mafunzo haya na kuchunguzwa rekodi yake asikutane na wanafunzi kabisa, hata akiwa msaidizi. Afundishwe mipaka ya kuwasiliana na watoto faraghani, kusafiri nao na kuingia vyumba vya kubadilishia nguo, na ajue taarifa inapelekwa kwa nani. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 2018 inawataka watu wazima katika michezo ya vijana watoe taarifa ndani ya saa 24. Muda wa namna hiyo unafaa kuandikwa, kwa sababu neno "haraka" kila mtu hulipima anavyotaka.

Kocha Mkongwe:

Hapo umenishinda, mjumbe. Kauli yangu kuhusu wasaidizi ibaki kwa huduma ya kwanza tu.

Mratibu wa Michezo:

Nawashukuru sana. Limebaki moja: kocha wa nje akija na cheti halali cha chama chake cha michezo, tumsamehe mafunzo yetu?

Muuguzi wa Shule:

Msamehe kozi ambayo cheti chake kinathibitisha, baada ya kuangalia tarehe na kama kilikuwa na sehemu ya vitendo. Zoezi la dharura la uwanja wenu asisamehewe, kwa kuwa chama chake hakijui geti lenu liko wapi. Rejesta ya mafunzo ikae kwako na si kwa makocha wenyewe, na ambaye jina lake halimo asipangiwe mechi.