Kuna fundi humu kanitoboa ukuta, halafu kautukana

Mama_Kidadisi (mleta mada)

Wakuu, naandika vumbi la jipsamu bado liko kwenye nyusi. Ni yule mnayemjua. Yule ambaye hakuna uzi humu hajauchangia, hata ukiuliza dawa ya mba atakujibu kwa bisibisi. Simtaji, wasimamizi msije kunifungia, ila nyote mnamjua.

Mwanangu ameanza kutambaa. Nasema kutambaa kwa heshima tu, yule anakimbia kwa magoti. Nikataka geti la mlango wa jikoni, basi. Nikaandika humu kwamba sitaki matundu ukutani. Jamaa akanijia faragha mbio: "Dada, nakufungia la kubana, linajishika kwa kusukuma kuta mbili. Bila kutoboa, bila doa, siku ukilitoa hutajua kama liliwahi kuwepo."

Kaja. Kafungua boksi, karatasi ya maelekezo kairusha huko. Mle ndani mlikuwa na vile vikombe vinne vya kubandika ukutani, vinavyopokea ncha za skrubu ili nguvu isambae. Kavitazama kasema, "Hivi ni urembo." Kavitia mfukoni! Kaanza kukaza. Ukuta ukalia. Nikamwambia kaka, ukuta unalia. "Unazoea huo." Katoa spana, wakuu, spana, kwa kitu cha kukazwa na vidole. Kakaza. PAAH! Ncha imezama, karibu itokee chumba cha pili imwamkie mume wangu kitandani.

Mnadhani hapo ndipo nilipokasirika? Wala. Tundu linazibika. Kilichonileta hapa ni alichofanya baada ya hapo. Akausogelea ukuta, akaugonga kwa kifundo cha kidole, ko ko ko, daktari kabisa, akatega sikio, akatikisa kichwa, akanigeukia: "Dada, huu ukuta wako una utapiamlo."

UTAPIAMLO!

Ukuta wangu! Nyumbani kwangu, mbele ya mwanangu, mbele ya mama mkwe, ambaye naye akaitikia kwa kichwa. Mtu ametoka kuutoboa ukuta wa watu kwa spana, anaugonga ko ko ko, anautangazia ugonjwa. Halafu akadai hela ya ufundi. Nikamwuliza ufundi upi? Akanionyesha tundu kwa kidole, "Si unaona mwenyewe hali yake?"

Tundu sasa limekuwa ghala. Mtoto ameshaingiza vijiko, soksi na rimoti. Rimoti tunaisikia, hatuifikii.

Sitaki ushauri. Nataka mtu mmoja tu aniambie ukuta unapataje utapiamlo.

BisibisiButu

😂😂 Nimemjua kwenye sentensi ya pili. Dari yangu aliiambia ina msongo wa mawazo.

Mama_Kidadisi

Unaona! Unaona! Na aligonga kwanza?

BisibisiButu

Aligonga. Dari ikashuka.

KobeMzee

Dada pole. Ila niseme kidogo. Ubao wa jipsamu wa kawaida ni milimita 12 na nusu, nyuma yake ni hewa. Geti la kubana linasimama kwa kusukuma kuta mbili tu, kwa hiyo usipolipata eneo lenye nguzo kwa ndani, unasukuma hewa. Pitisha sumaku ukutani taratibu. Itakaponasa pana skrubu, na penye skrubu pana nguzo. Mara nyingi ziko sentimita 40 au 60 kutoka moja hadi nyingine. Na pakikosekana nguzo unapopataka, unaweka kipande cha mbao pana kati ya kikombe na ukuta ili nguvu isirundikane sehemu moja. Vile vikombe havikuwa urembo.

Mama_Kidadisi

Nimesema sitaki ushauri, lakini asante baba. Kwa hiyo si utapiamlo?

KobeMzee

Si utapiamlo.

Mama_Kidadisi

WAKUU MMESIKIA.

NimekaaPale

Mimi nina swali dogo kwa mleta mada. Fundi yuko sebuleni anapigana na ukuta, mama mkwe anaitikia, mtoto yuko magotini. Mume yuko kitandani. Saa ngapi hiyo? Tuanzie hapo.

Shangazi_Mkali

Nilikuwa nangoja mtu aulize 😂

Mama_Kidadisi

Mume wangu anaumwa mgongo. Tusitoke kwenye mada.

NimekaaPale

Mgongo au utapiamlo?

Mpangaji_Mtiifu

Mleta mada una bahati, tundu linaonekana. Mimi nilifuata maelekezo yote. Vikombe niliweka, vipira niliweka, nikakaza kwa vidole. Nilipohama natoa geti nakuta miduara minne ya njano ukutani. Nikafuta kwa sabuni, ikang'aa zaidi. Kumbe vile vipira vinaachia kemikali zake kwenye rangi polepole, hiyo haifutiki, ni kupaka upya. Mwenye nyumba akazuia amana YOTE. Eti ukuta "umechafuliwa kimuundo". Miduara minne!

KobeMzee

Ungekata vipande vya plastiki ngumu inayoonyesha ukaviweka katikati, kipira kisiguse rangi kabisa. Na kama rangi ni mpya, subiri. Ikikauka juu haijakomaa ndani, ipe hata mwezi. Ukibandika mapema, siku ya kubandua unaondoka na ngozi ya ukuta.

Mpangaji_Mtiifu

Ungeniambia hayo kabla sijahama, mzee.

Shangazi_Mkali

Wenye nyumba wote baba mmoja mama mmoja. Wangu alipima kwa rula mkwaruzo wa kitanda cha mtoto.

Mama_Kidadisi

Angalau hakuugonga ko ko ko akausema vibaya. Mimi nikifumba macho naona kile kidole. Kile kifundo. "Una utapiamlo." Jamani, na sauti aliishusha, eti ukuta usisikie!

MwenyePaka

Nyie wote hamna shida. Mimi geti nilifunga kwa ajili ya paka.

BisibisiButu

Paka.

MwenyePaka

Ndiyo, paka.

BisibisiButu

Geti lina urefu gani ndugu?

MwenyePaka

Kama sentimita 75 hivi. Usiulize lingine.

BisibisiButu

Anakaa juu yake, sivyo?

MwenyePaka

Anakaa juu yake 😭

FundiMwingine

Nawasoma kimya ila hili lazima niseme kwa wanaopita. JUU YA NGAZI usifunge geti la kubana hata uambiwe nini. Mtoto akiliegemea likafyatuka, wanashuka wote wawili. Tena yale ya kubana yana chuma cha chini unachokivuka, na mtu mzima aliyebeba mtoto anajikwaa hapo hapo kwenye ngazi ya kwanza. Pale ni la skrubu, ndani ya nguzo au ndani ya tofali, mnaolilia rangi mlie. Kama upande mmoja ni nguzo ya ngazi ya mbao nzuri, funga kipande cha mbao kwenye nguzo kwa mikanda, skrubu ziingie kwenye hicho kipande, nguzo yenyewe inabaki salama.

Mleta mada, tundu lako usilijaze puti tupu, itadidimia ndani. Kata mraba, ingiza ubao nyuma uukaze kwa skrubu, bandika kipande kipya cha jipsamu, utepe kwenye viungio, puti, msasa, rangi.

NimekaaPale

Atoe rimoti kwanza.

FundiMwingine

Atoe rimoti kwanza.

Mume_wa_Mtu

Hicho chuma cha chini ndicho kimenimaliza. Naamka usiku kunywa maji, chini. Narudi, chini. Mke wangu analala anacheka. Nikalalamika, akanijibu mtoto mwenyewe ameshajifunza kukivuka.

Shangazi_Mkali

Afadhali wewe unaanguka. Mama mkwe wangu HALIFUNGI. Analifungua vizuri, anapita, analiacha linaning'inia. Ukimwambia: "Sisi tuliwalea bila mageti na mkakua."

Mpangaji_Mtiifu

Huyo wa kwako anafungua. Wa kwangu analipanda, ana miaka sitini na kitu. Akasukuma kwa goti, skrubu zikafyatuka pamoja na plasta. Akasema geti ndilo dhaifu.

Shangazi_Mkali

Wooote baba mmoja mama mmoja.

Mama_Kidadisi

Jamani. Ukuta wangu. Ko ko ko.

NimekaaPale

Tumekusikia dada, tunakuja. Mpangaji, alilipanda akiwa amevaa nini?

Mpangaji_Mtiifu

Gauni refu. Ndiyo maana hata leo sielewi.

BisibisiButu

Kwa taarifa tu, mhusika yuko mtandaoni, taa ya kijani inawaka tangu jana. Anasoma kila neno.

Mama_Kidadisi

ASOME. Na vikombe vyangu avirudishe, viko mfukoni mwake!

Mume_wa_Mtu

Kuna mtu ana dawa ya goti? La kulia limevimba.

FundiMwingine

Bandika utepe unaong'aa gizani kwenye kile chuma, utakiona usiku.

Mume_wa_Mtu

Niliweka. Mtoto aliubandua akaupeleka kwenye tundu la soketi.

Shangazi_Mkali

Soketi tena! Hiyo nayo inataka uzi wake. Mimi wangu ni mbwa, amejifunza kuinua kitasa cha geti kwa pua. Anainua, anapita, na ninaapa juzi nilimwona akilirudisha kwa mguu.

Mpangaji_Mtiifu

Analifunga?

Shangazi_Mkali

Analifunga.

Mume_wa_Mtu

Mlete kwa mama mkwe akamfundishe.

MwenyePaka

Huyo mbwa mnauza?