Breki za gokati ya kuunda wenyewe: drami ya pikipiki au diski?

MwalimuMoro aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari mjini Morogoro, na pamoja na wanafunzi wa klabu ya sayansi tunaunda gokati ya mtu mmoja, yaani kigari kidogo cha wazi cha magurudumu manne. Chasisi ya bomba imeshachomelewa, injini ni ile ya pampu ya maji yenye nguvu farasi 6.5, na nyuma tumeweka ekseli moja ya milimita 30 inayozunguka pamoja na magurudumu yote mawili. Dereva akiwemo, uzito tunaukadiria kuwa kilo 150, na kwa sproketi tulizochagua itafika kilomita 40 kwa saa.

Kilichobaki ni breki. Fundi mmoja wa jirani anashauri tutumie drami ya nyuma ya pikipiki (ngoma inayobanwa kwa ndani na breki shuu), kwa kuwa vipuri vyake vinapatikana kila kona. Mwingine anasema breki ifungwe kwenye ngoma ya klachi, karibu na injini, kwa sababu hapo nguvu ndogo inatosha. Na wapo wanaosisitiza diski, yaani sahani ya chuma inayobanwa na pedi pande zote mbili. Watakaoiendesha ni watoto wa watu, kwa hiyo naomba ushauri wa mtu aliyekwisha kuifanya kazi hii kwa mikono yake.

FundiTemeke alijibu:

Heshima yako, Mwalimu. Nianze na hilo la klachi, maana ndilo la hatari. Ni kweli ngoma ya klachi huzunguka haraka kuliko ekseli, hivyo hata mkanda mwembamba wa breki unaweza kuizuia bila dereva kukanyaga sana. Lakini kati ya ngoma hiyo na magurudumu kuna mnyororo, na siku mnyororo utakapokatika au kuruka kwenye sproketi, dereva atakosa injini na breki kwa wakati mmoja. Breki ikae kwenye ekseli ileile iliyoshika magurudumu, basi.

Kuhusu drami, haina ubaya wa nguvu. Kilo 150 zikienda kilomita 40 kwa saa zina nishati ya takriban jouli 9,300, na hilo ni joto dogo kwa breki iliyozoea kusimamisha pikipiki yenye abiria na mzigo. Tabu yake ni ufungaji. Habu (kitovu cha gurudumu) ya pikipiki imetengenezwa izunguke juu ya ekseli iliyotulia, ilhali ekseli yenu ndiyo inayozunguka. Itabidi habu ikerezwe upya ili ishikane na ekseli, kisha ile sahani inayobeba breki shuu itafutiwe beringi yake na mkono wa kuizuia isizunguke, na vyote hivyo vikae katikati sawasawa. Vikipishana kidogo tu, shuu zitagusa upande mmoja na kuachia mwingine.

Kwa hiyo ningechagua diski, ila msinunue kabla ya kupima kimo. Tairi zenu zikiwa na kipenyo cha sentimita 28, diski ya mbele ya pikipiki yenye milimita 240 itabakisha milimita 20 tu kutoka ardhini, na jiwe la kwanza litaipinda. Tafuteni ya milimita 180 hadi 200, kama zile za skuta, na kabla ya kulipa someni unene wa mwisho unaoruhusiwa, ambao kwa kawaida hupigwa chapa kwenye diski yenyewe. Msiichomelee kwenye ekseli, kwa sababu moto huipinda. Mpelekeeni fundi wa kukereza awatengenezee habu yenye kii (kipande cha chuma kinachoifungia kwenye ekseli) ya milimita 8, kisha diski ifungwe kwa bolti.

Bamba la kushikia kalipa, yaani kibanio chenye pedi zinazobana diski, ndilo watu wengi hulidharau. Mkikanyaga hadi tairi zinakaribia kuserereka, kalipa huvutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 90, tena kwa ghafla. Tumieni bamba la milimita 8, lichomelewe pande zote mbili karibu na nyumba ya beringi. Kalipa yenye pistoni moja lazima iachwe iteleze huku na huku kwenye pini zake. Mkiikaza isicheze, pedi moja itakwisha na nyingine itabaki mpya.

KazaNati alijibu:

Naunga mkono, na naongeza kuhusu masta, yaani pampu ndogo inayosukuma mafuta ya breki hadi kwenye kalipa. Ile ya mbele ya pikipiki imeundwa kwa vidole na inataka kulala sawa, hivyo chukueni ya breki ya nyuma, inayosukumwa na mguu. Pedali ikiwa na sentimita 20 kutoka kwenye mhimili hadi mguuni na sentimita 5 kutoka mhimili hadi kwenye fimbo ya masta, nguvu ya mguu inazidishwa mara 4, na inatosha. Acheni uwazi wa takriban milimita 1 kati ya fimbo na pistoni: pistoni isiporudi mpaka mwisho, mafuta yakipata joto hukosa njia ya kurudi kwenye kikopo, na breki hujishika yenyewe gokati ikiwa mwendoni.

Kalipa ikae nepeli yake (skrubu ya kutolea upepo) ikiwa juu kabisa. Ikielekea chini, mtatoa upepo mpaka jioni na pedali itabaki laini. Mafuta yawe DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Oili ya injini huvimbisha mipira ya masta.

MwalimuMoro aliandika:

Nawashukuru sana. Tutafunga diski. Je, breki ya nyuma peke yake inatosha, au tuweke na za mbele?

FundiTemeke alijibu:

Inatosha kwa mwendo huo, Mwalimu. Hata gokati za mashindano zisizo na gia husimama kwa breki ya nyuma tu. Za mbele huwekwa kwenye zile zenye gia. Ukifunga breki za mbele bila usawa kamili, usukani utavutwa upande mmoja, na mtoto hataweza kuuzuia.

Ila mjue umbali wake. Kwenye lami kavu, kutoka kilomita 40 kwa saa tegemeeni karibu mita 18, na kwenye changarawe zaidi ya mita 25, kwa kuwa mzigo hukimbilia mbele na tairi za nyuma hupungukiwa mshiko. Jaribio la kwanza afanye mtu mzima, kwa mwendo mdogo, uwanjani pasipo na watu. Tairi zikijifunga kwa kugusa tu pedali, sogezeni fimbo ya masta mbali zaidi na mhimili mpaka dereva aweze kupunguza mwendo bila kuserereka, kisha mrudie kukaza bolti zote za diski na za kalipa kabla mwanafunzi hajakaa kwenye kiti.