Sigara inaondoa mawazo au inayaleta?

NesiWaUsiku: Mtu akiwa na mawazo anaambiwa "washa moja utulie". Utulivu huo ni kulipa deni la arosto tu, yaani ile hali mbaya ya mwili kukosa nikotini uliyoizoea. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 20 hivi, na baada ya saa 2 nusu yake imeshatoka damuni. Hapo wasiwasi unaanza, mvutaji anadhani ni shida za maisha. Mapitio ya 2014 yaliyojumlisha tafiti 26 yaliona walioacha walipungukiwa na wasiwasi na huzuni kuliko walioendelea.

Mtaa_Kayole: Usiwaite wavutaji wadeni. Wengi walikuwa na mawazo kabla ya sigara. Na anayeacha Jumatatu, Jumatano kashagombana na bosi na mke. Hiyo ndiyo afya?

MfamasiaNgara: Anagombana kwa sababu ameacha mikono mitupu. Siku tatu za kwanza ndizo kali, wiki ya nne zimepoa. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na plasta ya nikotini ya kubandika kwenye ngozi, ya miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Kila asubuhi bandika mahali papya, ukirudia palepale ngozi inawasha. Chingamu ya nikotini tafuna polepole mpaka iwashe ulimi, iegeshe kati ya shavu na ufizi, makali yakiisha tafuna tena. Wengi huitafuna mfululizo, nikotini inaishia tumboni, kwikwi zinawashika, wanasema haifanyi kazi. Na usinywe kahawa wala soda robo saa kabla.

Mtaa_Kayole: Na bei? Kibandani fegi moja ni sarafu tu.

WakiliWaUmma: Kuuza moja moja ni kuvunja sheria ya tumbaku ya Kenya ya 2007. Pakiti isipungue sigara 10.

MamaKibanda: Wakili, mwenye kiwanda humwoni, umemwona mama wa kibanda?

NesiWaUsiku: Jamani, wagonjwa! Anayetumia klozapini au olanzapini, dawa za magonjwa ya akili, asiache sigara bila kumwambia daktari. Moshi, si nikotini, hulifanya ini liivunje dawa haraka. Akiacha, dawa inapanda damuni ndani ya siku chache: usingizi mzito, mate, hata degedege. Plasta haizuii hilo. Dozi ipunguzwe, damu ipimwe.

Mtaa_Kayole: Kumbe kuacha kunaumiza!

MfamasiaNgara: Kinachoumiza ni dozi isiyorekebishwa, ndugu yangu. Usipindue maneno.

WakiliWaUmma: Mama, sheria inamhusu yeyote anayeuza. Na hiyo moja moja ndiyo inayomrudisha aliyeacha: pesa ya pakiti hana, ya fegi moja anayo.

MamaKibanda: Basi leteni na plasta tuziuze moja moja.